Nilianza na Takwimu Tamu: Nilivyohakiki Machapisho ya Asasi Yetu

Nilipokabidhiwa kazi ya kuhakiki machapisho ya asasi yetu ya utetezi, ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa huu: "Mpelekee mtaalamu apitie, akisema sawa, chapeni." Ushauri wa hovyo kabisa. Niliufuata, nikampelekea bingwa mmoja wa uchumi rasimu nzima, naye akairudisha na pongezi nyingi na koma moja aliyoihamisha. Mtaalamu husoma hoja. Hoja ikimpendeza, tarakimu hazimshughulishi, na wala hakuna aliyemwomba afungue ripoti ya mamia ya kurasa kutafuta kama ile asilimia imo kweli.

Ushauri wa pili ulikuwa wa kisasa zaidi: jedwali. Tukatengeneza jedwali zuri lenye safu za dai, chanzo, ukurasa, tarehe na jina la mhakiki, kila safu na rangi yake. Bodi ikalisifu. Kila mwandishi akatakiwa kulijaza kabla ya kuniletea rasimu, na kusema kweli walilijaza. Mmoja kwenye safu ya chanzo aliandika "intaneti". Mwingine akaandika "Umoja wa Mataifa", akaishia hapo, kana kwamba Umoja wa Mataifa ni mtu mmoja unayeweza kumpigia simu jioni ukamuuliza. Wa tatu alikuwa mkweli kuliko wote: "inajulikana". Nililichapa neno hilo kwa herufi kubwa nikalibandika juu ya meza yangu, likakaa hapo muda mrefu kuliko jedwali lenyewe.

Kilichofanya kazi ni kitu kidogo tu. Niliwaambia waandishi: kila sentensi yenye namba, jina, tarehe au nukuu, pembeni yake ndani ya rasimu hiyohiyo mnaweka ukurasa wa chanzo na sentensi ya chanzo ilivyo, neno kwa neno. Isipokuwepo, naitia rangi nyekundu na siisomi. Mtu anaweza kutaja ripoti ambayo hajawahi kuifungua, lakini kunakili sentensi asiyoiona hawezi. Manung'uniko yalikuwa mengi mwanzoni. Baadaye wenyewe wakaanza kuyaona mambo kabla hayajanifikia.

Mfano mzuri ni lile bango la "mwanamke mmoja kati ya watatu hupigwa na mumewe kila mwaka". Mwandishi alipoweka maneno ya ripoti ya WHO, Shirika la Afya Duniani, ya 2021 kando ya maneno yake, aliguna mwenyewe. Ripoti ilisema karibu mmoja kati ya watatu, wenye umri wa miaka 15 na kuendelea, amewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na mwenza, au ukatili wa kingono na mtu asiye mwenza, katika maisha yake. Si kila mwaka, si mume peke yake, si kupigwa tu. Namba ilikuwa sahihi. Kilichopotea njiani ni masharti yake, na hapo ndipo machapisho ya utetezi yanapoumia mara nyingi.

Sasa niwaeleze windo langu ninalojivunia. Niliamua kuanza na takwimu tamu, zile tunazozipenda, zinazokaa kwenye jalada na kwenye hotuba. Takwimu chungu haina shida, kila mtu ataibishia. Iliyo tamu hakuna anayeigusa. Kwetu tamu kuliko zote ilikuwa: asilimia 70 ya maskini duniani ni wanawake.

Nikafungua kijitabu chetu cha zamani, kikanielekeza kwenye kipeperushi cha asasi nyingine. Kipeperushi kikanipeleka kwenye hotuba. Hotuba ikanipeleka kwenye ripoti, na ripoti ikataja kijitabu kinachofanana sana na chetu! Nilicheka peke yangu ofisini. Nilipozidi kurudi nyuma nikaifikia Ripoti ya Maendeleo ya Binadamu ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, ya 1995, ambako sentensi ipo kweli: kati ya watu bilioni 1.3 walio maskini, asilimia 70 ni wanawake. Ipo, lakini nilichokuwa nakitaka ni namna walivyoihesabu, na hicho sikukipata. Lisemwalo lipo, wahenga walisema. Hawakuwahi kuhakiki takwimu.

Halafu nikachukua kalamu. Asilimia 70 kwa 30 maana yake katika kaya maskini kuna zaidi ya wanawake wawili kwa kila mwanamume mmoja. Umaskini hupimwa kwa kaya, kwa kipato au matumizi ya nyumba nzima, na katika kaya nyingi maskini wanaume na wavulana wamo. Wangekuwa wamekwenda wapi wote hao? Hesabu ya darasa la nne iliniambia kile ambacho mtaalamu hakuniambia.

Mratibu wetu hakufurahi. "Dada, hiyo namba tumeitumia miaka yote, na wafadhili wanaijua." Nikamjibu kwamba hata barafu ya Himalaya ilikuwa inajulikana. Ripoti ya 2007 ya IPCC, jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, ilidai huenda barafu hiyo ikatoweka kufikia 2035. Dai lilitoka kwenye ripoti ya 2005 ya WWF, shirika la kuhifadhi mazingira, nayo ilikuwa imelitoa kwenye makala ya jarida la New Scientist ya 1999. Januari 2010 IPCC ikalazimika kukiri hadharani kwamba dai halikuwa na msingi wa kutosha, na wapinzani wa sayansi ya tabianchi wakapata cha kupigia kelele. Joto la dunia lilikuwa linapanda vilevile, ila mjadala ukahamia kwenye mwaka mmoja.

Nilichompa badala yake ni takwimu ndogo yenye miguu. UN Women, shirika la Umoja wa Mataifa la wanawake, katika ripoti yake ya 2018, ilionyesha kwamba kati ya watu wa miaka 25 hadi 34 wanaoishi katika umaskini uliokithiri, kuna wanawake 122 kwa kila wanaume 100. Ni umri wa kuzaa na kulea, kwa hiyo namba yenyewe inakupa hoja ya sera moja kwa moja. "Haina makali," akasema. Lakini aliichapa.

Mengine niliyajua kwa kuumwa kichwa. Ukilinganisha maskini wa miaka tofauti, angalia kwanza mstari wa umaskini, yaani kiwango ambacho aliye chini yake huhesabiwa maskini: Benki ya Dunia ilitumia dola 1.90 kwa siku, ikahamia 2.15 mwaka 2022, kisha 3.00 mwaka 2025. Mstari ukisogea, idadi inabadilika bila mtu yeyote kutajirika wala kufukarika. Kurasa za mtandaoni nazo hufutwa, kwa hiyo hifadhi nakala kwenye Wayback Machine, ile hifadhi ya mtandaoni ya kurasa za zamani, siku ileile unayoisoma. Na ile kauli ya kuwa badiliko unalotaka kuliona duniani, ambayo kila mwandishi huniletea na jina la Gandhi, haijapatikana kwa maneno hayo katika maandishi yake. Kwetu imepigwa marufuku.

Kama una nafasi ya msomaji mmoja tu wa nje, usimpe rafiki. Mimi humpa bwana mmoja anayepinga karibu kila tunalolitetea. Hatumlipi chochote cha maana, na nadhani angetulipa yeye kwa raha anayoipata. Anasoma kila tanbihi akitafuta pa kutukamata, na mara nyingi anachoweza kukamata ni makosa ya chapa tu. Siku aliyorudisha rasimu na maneno "sikubaliani, lakini sina la kusahihisha", niliizungusha barua pepe hiyo ofisi nzima, hadi kwa mhasibu.

Aliyebaki ni msanifu wa kurasa zetu. Anapenda michoro ambayo mhimili wake unaanzia 40 badala ya sifuri, ili nguzo moja ionekane mara tatu ya mwenzake. Tarakimu zote sahihi, jicho linadanganywa. Juzi nimemrudishia mchoro, naye ameurudisha vilevile na rangi mpya. Tunaendelea.