Siku yangu na keki ya ghorofa tatu, kutoka Migosi, Kisumu, mpaka Maseno

Saa kumi alfajiri. Alamu haijalia lakini macho yako wazi, siku ya keki ya harusi mi hulala nusu nusu tu. Kitu cha kwanza ni friji. Keki ziko sawa zote tatu, ya inchi 12, ya 9 na ya 6. Nilioka Alhamisi, jana asubuhi nikaweka jam na batakrimu (krimu ya siagi) katikati, jioni nikapaka krimu ya nje. Wewe unayeanza, tafadhali usioke na kupaka siku moja. Keki ikishawekewa krimu katikati inaendelea kushuka kidogo kidogo kwa masaa kadhaa, sasa ukiipaka kabla haijatulia utaamka ukute imetoa tumbo pembeni na hapo hakuna spachula ya kukusaidia. Na hiyo jam izungushie ukuta wa batakrimu ngumu kwanza, la sivyo itatafuta njia ya kutoka.

Saa kumi na moja binti wa jirani anayejifunza kwangu anagonga mlango. Leo nilimwambia aje kwa sababu ya vijiti tu, vile vya kudunga ndani ya keki kubeba ghorofa za juu. Anaangalia ile ya inchi 12 vile imeganda kwa baridi ananiuliza, "Anti, si hii imeshika kabisa, kwani ya juu haiwezi kuikalia tu hivi?"

Hapa ndo wengi wetu tunaanguka, na mi nilianguka pia. Keki yangu ya kwanza ya ghorofa mbili, miaka kadhaa iliyopita, niliweka ya juu moja kwa moja bila kitu chochote ndani, asubuhi ilikuwa nzuri tu, kufika saa nane na joto la Kisumu ya juu ikawa imezama ndani ya ile ya chini na krimu inapasuka mbele ya mama ya bibi harusi. Nililia. Nilirudisha pesa yote na nikakaa miezi bila kuchukua oda ya harusi.

Kwa hivyo nikamwambia hivi: keki ya juu haikalii keki. Inakalia bodi yake, yaani kibao chembamba cha chini ya keki, bodi inakalia vijiti, vijiti vinakalia bodi nene ya chini kabisa, na ile sponji ya chini haibebi chochote. Ya 9 na ya 6 zikiwa pamoja hizi zangu ni zaidi ya kilo nne, sponji gani itabeba hiyo siku nzima?

Tukakata. Unadunga kijiti kimoja katikati mpaka kiguse bodi, unaweka alama pale krimu inaishia, unatoa, unakata, halafu vingine vyote unakata kwa kufuata HICHO KIMOJA. Usipime kila shimo kivyake, juu ya keki hakukosi mabonde na vijiti vikitofautiana hata kidogo ghorofa ya juu italala upande. Ya inchi 12 nimeweka saba, sita kwa duara na kimoja katikati, vyote ndani ya alama ya bodi ya 9 ndo visionekane. Ya 9 vinne vinatosha. Mirija minene ya plastiki pia inafanya kazi vizuri na inakatwa na mikasi. Na bodi ya kila ghorofa iwe saizi ya keki yenyewe, ikizidi itaonekana, ikipungua sana vijiti vya pembeni vinakosa cha kushika.

Saa kumi na mbili na nusu stima ikapotea. Friji haikufunguliwa tena mpaka iliporudi saa mbili, basi.

Saa tatu na nusu, safari. Keki inasafiri ikiwa imeachana, kila ghorofa kwa kaboksi yake, kwa sakafu ya buti, chini nimetandika ile mati ya mpira isiyoteleza. Sio kwa kiti, kiti kina mteremko, na sio kwa mapaja yako hata kama unajiamini. AC nilimwomba dereva jana yake. Kondele, Otonglo, Kisian, kisha ule mlima wa kupanda kuelekea Maseno na kila tuta mi nashika moyo. Uzuri Maseno kuna ubaridi kuliko huku chini ziwani, na mchanganyiko wangu wa krimu ni nusu siagi nusu mafuta meupe magumu, siagi peke yake huku kwetu inalegea upesi sana.

Saa tano tumefika. Hema ni zuri lakini meza ya keki imewekwa kwa nyasi na miguu miwili imeanza kuzama, tena jua la mchana lingeipiga moja kwa moja. Niliomba vijana wanisaidie kuisogeza ndani, tukaweka vipande vya mbao chini ya miguu, nikatoa pima maji yangu. Ndio, ya fundi wa kujenga. Nunua moja. Meza ikiwa imeinama hata ukate vijiti vizuri namna gani keki itainama nayo.

Kupanga kwenyewe ni dakika kumi na tano. Krimu kidogo juu ya vijiti kama gundi, ya 9 inashuka pole pole, ya 6 juu yake, halafu kijiti kirefu kimoja kilichochongwa kama penseli kinapigwa na nyundo kutoka juu kupita bodi zote mpaka ya chini, kwa sababu watoto watasukuma hiyo meza, watasukuma tu. Keki ilikuwa imetoka jasho kidogo, binti akataka kupangusa na tishu nikamzuia, iache ikauke yenyewe. Maua mabichi tulifunga vikonyo kwanza. Zile kala lili mtu wa mapambo alileta nilimwomba apeleke kwa meza kuu, utomvu wake unawasha mdomo na sitaki uguse chakula.

Saa tisa na nusu wamekata. Mi nilikuwa jikoni na wamama wa kukata nimewaambia tangu mwanzo, ndani kuna vijiti kumi na viwili, kisiende hata kimoja kwa sahani ya mtoto. Binti ndo alikuwa anahesabu kwa bakuli. Kumi na kimoja. Tukatafuta, tukatafuta, kumbe cha kumi na mbili kilikuwa bado kimesimama katikati ya kipande cha mwisho cha inchi 12, wima, vile tulikiacha alfajiri.