Utumbo uliovimba ndio mzima

Vipimo vingi vya maabara hutafuta kitu kisichotakiwa kuwepo: vimelea vya malaria kwenye damu, bakteria kwenye mkojo, seli za saratani kwenye kinyama, yaani kipande kidogo kinachokatwa mwilini ili kichunguzwe. Kipo kimoja kinachokwenda kinyume, na ndicho kinachonigusa kuliko vyote katika kazi yangu ya histolojia, ya kuandaa vinyama vitazamwe kwa hadubini, hapa Mwanza. Kwenye kinyama cha utumbo wa mtoto mchanga tunatafuta seli za neva ambazo ni lazima ziwepo. Tukizikosa, ndiyo tumepata ugonjwa, ule uitwao Hirschsprung.

Tuanze na ukuta wenyewe. Kuanzia kwenye umio hadi njia ya haja kubwa, njia ya chakula imejengwa kwa matabaka manne, na karibu kila mahali mpangilio ni uleule. Ndani kabisa kuna utando laini unaogusana na chakula. Chini yake lipo tabaka la kuushikilia, lenye mishipa ya damu. Halafu misuli: safu ya ndani inazunguka utumbo, ya nje inafuata urefu wake. Mwisho ni ganda jembamba la nje. Kwa rangi zetu mbili za kila siku, haematoksilini na eosini, viini vya seli hutoka vya zambarau na misuli hutoka ya waridi, kwa hiyo slaidi ikishawekwa chini ya hadubini matabaka yanajitenga yenyewe machoni.

Wanafunzi wanaokuja kujifunza kwetu hupenda ule utando wa ndani, na sishangai. Tumboni utaona seli nene za waridi zinazotoa asidi, na chini yake zile zinazotengeneza pepsini ya kuvunja protini. Kwenye utumbo mdogo vilai, yaani vijidole vya kufyonza chakula, vimesimama wima, kila kimoja kina urefu wa milimita 0.5 hadi 1, vimefunikwa na safu moja tu ya seli. Safu hiyo hubadilishwa karibu yote kila baada ya siku 3 hadi 5. Seli mpya huzaliwa chini kwenye vishimo, hupanda taratibu hadi kileleni, hudondoka na kuondoka na chakula. Ugali ulioula mwezi uliopita ulifyonzwa na seli ambazo leo hazipo tena.

Ila utando mzuri haumsaidii mtoto kama misuli haijui ikaze lini na ilegee lini. Chakula husogea kwa sababu misuli iliyo nyuma yake inakaza wakati ile iliyo mbele inalegea. Amri hiyo haisubiri ubongo. Inatolewa na seli za neva zilizokaa ndani ya ukuta wenyewe, katika mafungu mawili: moja liko kwenye tabaka la kushikilia utando, jingine limebanwa katikati ya zile safu mbili za misuli. La kwanza lina jina la Meissner, la pili la Auerbach, wanasayansi wa Ujerumani wa karne ya 19. Utumbo mzima una mamilioni mengi ya seli hizi, na hata ukikatwa kutoka mwilini unaweza kuendelea kujikunja kwa muda.

Seli hizi hazizaliwi kwenye utumbo. Mtoto akiwa tumboni mwa mama, katika miezi mitatu ya kwanza ya mimba, zinatokea upande wa shingo, zinaingia kwenye umio na kusafiri kushuka hadi mwisho wa utumbo mpana. Kwa watoto wachache safari inakatika njiani. Ndiyo maana sehemu inayokosa seli hizi za neva huanzia chini, kwenye rektamu, kipande cha mwisho cha utumbo mpana, na kupanda kwenda juu. Kwa mmoja inaishia karibu, kwa mwingine inachukua utumbo mpana wote. Sehemu isiyo na neva haijui kulegea. Inabaki imekaza, choo hakipiti, na utumbo ulio juu yake unajaa na kutanuka.

Huu ndio ugonjwa wa Hirschsprung. Humpata takriban mtoto 1 kati ya 5,000 wanaozaliwa, na wavulana ni wengi kuliko wasichana, kama wanne kwa mmoja. Harald Hirschsprung, daktari wa watoto wa Denmark, aliueleza mwaka 1886 kwa watoto wawili waliokufa wakiwa na utumbo mpana uliotanuka kupita kiasi. Kwa miaka mingi madaktari waliutazama huo uliotanuka wakiamini ndio mbovu, na wengine waliukata. Kumbe huo ndio wenye neva, umevimba kwa kusukuma mahali pasipofunguka. Mbovu ni ile sehemu nyembamba ya chini ambayo kwa macho haina kasoro yoyote. Mwaka 1948 Orvar Swenson, daktari wa upasuaji wa Boston nchini Marekani, alichapisha pamoja na mwenzake upasuaji wa kuondoa sehemu hiyo nyembamba na kuushusha chini utumbo wenye neva. Hadi leo madaktari wa watoto wanafanya kwa msingi huohuo.

Kinyama kinachotufikia kina upana wa milimita chache. Nakifunga kwenye karatasi ya kuchujia kisipotee, kinapitishwa kwenye fomalini, alkoholi na zailini, kisha kinalowekwa kwenye nta ya moto. Kazi ngumu ni kukisimamisha ndani ya nta. Kikilala vibaya nitakata utando wa juu peke yake, na zile neva zitabaki ndani ya bloku, yaani kile kipande cha nta kilichoganda. Joto la hapa hulainisha nta, basi bloku hukaa juu ya barafu kwanza, ndipo nakata kwa unene wa mikroni 4, yaani elfu nne za milimita kwa maana ya sehemu 4 kati ya 1,000 za milimita moja. Utepe unatoka, naulaza juu ya maji ya uvuguvugu, naudaka kwa slaidi. Kwa mtoto mmoja ni makumi ya vipande mfululizo, maana kimoja kinaweza kukosa seli na cha tano kikawa nazo. Kwa mtoto mchanga seli hizo ni ndogo na hazijakomaa, ni rahisi kuzipita. Unatafuta mwili wa zambarau iliyofifia na kiini cha mviringo kilichosogea pembeni, chenye nukta moja nzito ndani. Ukiona moja ya uhakika, moyo unatulia. Usipoiona hata moja, na badala yake ukaona mishipa minene ya neva isiyo na seli hizo, jibu ni kwamba mtoto ana ugonjwa.

Mama akija dirishani na kusema, "Dada, majibu ya mwanangu yametoka?", najua analala chini wodini na mtoto anapigwa bomba la haja kubwa kila siku ili tumbo lishuke. Kwa hiyo kinyama hiki hakikai foleni kwangu.

Wazazi, mtoto aliyezaliwa kwa wakati hupata choo cha kwanza, kile cheusi kinachonata, ndani ya saa 48, na wengi ndani ya 24. Akizidi hapo, au tumbo likijaa, au akitapika kijani, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Asipewe dawa ya tumbo wala mizizi ya kumfungua.

Na ninyi wenzangu mnaotuletea sampuli: kinyama kiwe na kina, utando peke yake hautoi jibu. Kiingie kwenye fomalini mara tu kinapotoka, kisikauke juu ya shashi. Kwenye fomu andikeni kimetolewa sentimita ngapi kutoka mwisho wa njia ya haja kubwa. Pale chini kabisa hata mtoto asiye na ugonjwa huwa na neva chache sana, na bila namba hiyo mpatholojia, daktari anayesoma slaidi, hawezi kujua kama anaangalia ugonjwa au maumbile ya kawaida.