Siku moja maishani mwangu: mwosha vigae wa Athens

Saa kumi na moja alfajiri

Simu inalia na mimi naamka nikiwa tayari nimechoka na joto. Athens mwezi wa Julai haina huruma: ukichelewa kutoka kitandani, jua litakukuta njiani. Naishi Kypseli, mtaa wenye Waafrika wengi. Napanda trolei hadi katikati ya mji, nanunua koulouri, ule mkate wa duara uliojaa ufuta, nautafuna nikitembea.

Nikiulizwa kazi yangu na watu wa nyumbani huwa nababaika. Naosha vigae. Si vya kuezekea wala vya sakafuni. Ni vipande vya vyungu vilivyovunjika, vyungu vya Wagiriki wa kale. Na mimi ni mjukuu wa mfinyanzi. Bibi yangu ni Mkisi wa Ziwa Nyasa, amefinyanga tangu kabla mama yangu hajazaliwa, na vyungu vyake vimesafiri kwa mtumbwi kwenda sokoni Matema kwa miaka isiyohesabika. Siku ya kwanza nilipomweleza ninachofanya huku alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mume wangu, wanakulipa uoshe vilivyovunjika? Vizima vinaoshwa na nani?"

Saa kumi na mbili na nusu

Ghala letu liko chini ya jengo la zamani, kwa hiyo lina ubaridi. Mradi wenyewe sitautaja. Leo kuna kreti tisa zinazonisubiri, zote zimetoka kwenye kisima kimoja.

Kisima ni kitu cha ajabu. Watu wanadhani tunapata mambo makubwa mahekaluni, kumbe utajiri uko kwenye mashimo. Chini kabisa kisimani unakuta mitungi ya maji, mingine karibu mizima: kamba ilikatika, au mkono uliteleza, mtungi ukazama, na mwenyewe akarudi nyumbani kugombezwa. Juu yake unakuta taka. Siku kisima kilipoachwa, watu walitupa humo kila walichokuwa nacho. Mwaka 480 KK Waajemi waliuchoma mji wa Athens, na wenyeji waliporudi walifagia vifusi vya nyumba zao na kuvitupa kwenye visima vilivyoharibika. Kwa hiyo ukifungua kisima cha namna hiyo unakuta kabati zima la vyombo vya familia, limevunjika lakini limekamilika.

Saa mbili asubuhi

Beseni, maji, mswaki laini, subira. Kigae chenye mchoro hakisuguliwi, kinapapaswa tu. Chenye ukoko ndani hakiingii majini kabisa, kinawekwa kando kwa ajili ya maabara, maana ukoko ule ni mboga ya mtu.

Vingi ninavyoosha havina uzuri wowote. Ni vyungu vya kupikia, vyembamba, vyenye masizi matakoni kama vya jikoni kwetu. Ni vipande vya mabeseni, na vya mitungi mikubwa ya mvinyo na mafuta. Katika kreti nzima labda utapata vipande vichache vyenye picha ya farasi au ya mtu anayecheza. Msimu wangu wa kwanza nilikuwa nikiona masizi navunjika moyo. Siku hizi ni kinyume. Mchoro unanieleza Waathene walipenda kujiona vipi. Masizi yananieleza walikula vipi.

Leo kuna kitu kimenishinda. Ni kitako cha kikombe cha mvinyo, cheusi kinachong'aa, lakini katikati yake ndani kuna duara jekundu, limekaa sawasawa kana kwamba limepigwa kwa bikari. Si mchoro. Nikampelekea mkuu wetu, mama wa Kigiriki aliyeshika vigae kwa miaka mingi kuliko umri wangu. Akalitazama, akatabasamu. "Si unatoka ukoo wa wafinyanzi wewe? Kalifikirie."

Ana tabia hiyo.

Saa nne

Kahawa ya barafu, uani, chini ya mtini. Mkuu hakunipa jibu lakini alinipa somo la tanuri, na nalirudia hapa kwa sababu ndilo lililonifanya niwaheshimu watu hawa.

Weusi wa vyungu vya Athens si rangi. Ni udongo uleule uliotengenezea chungu, ila umechanganywa na maji na kuachwa utuame mpaka yabaki machembe laini kabisa, kisha ukapakwa kwa brashi. Ukiupaka mbichi karibu huoni tofauti. Kazi yote inafanywa na moto, na ni moto wa mara moja tu. Kwanza tanuri linaachwa lipumue, kila kitu kinakuwa chekundu, kwa sababu udongo wa Athens umejaa chuma. Halafu, joto likifika karibu nyuzi 900, matundu yanafungwa, kuni mbichi zinatiwa, moshi unajaa, na kila kitu kinageuka cheusi. Hapo ule udongo laini unayeyuka kidogo na kujifunga kama kioo. Mwisho matundu yanafunguliwa tena. Sehemu zisizopakwa zinapokea hewa na kurudi kuwa nyekundu, zilizojifunga zinabaki nyeusi. Ukikosea dakika chache umepoteza kazi ya wiki nyingi. Haishangazi kwamba waliamini kuna mashetani ya tanuri, wakayapa hata majina.

Kuanzia takriban mwaka 530 KK mtu fulani wa Athens aliigeuza hesabu: badala ya kuchora watu weusi juu ya wekundu, akapaka weusi nyuma na kuwaacha watu wakiwa wekundu, ili aweze kuchora misuli na mikunjo ya nguo kwa brashi. Ushindani ukawa mkali. Mchoraji mmoja, Euthymides, aliandika kwenye mtungi wake, kando ya watu wanaocheza: "kama Euphronios hajawahi kamwe." Euphronios alikuwa mchoraji mshindani wake. Mipasho ya miaka 2500! Na yuko anayesaini Lydos, yaani Mlidia, mtu wa Lydia ambayo leo iko Uturuki, na mwingine Amasis, jina la Kimisri. Karakana zile zilikuwa na wageni, na huenda watumwa, waliopamba meza za raia huku wao wenyewe hawana kura. Nikifika hapo huwa nainywa kahawa yangu polepole.

Kuhusu swali la Bibi: vizima viko kwa wengine. Waathene waliuza vyombo vyao bora ng'ambo, hasa kwa Waetruski wa Italia, nao walivizika na wafu wao, ndiyo maana vimesalimika. Walipoanza kufukua makaburi ya Vulci, mji wao mmoja, mwaka 1828, vilitoka kwa maelfu. Mtungi mmoja wa Euphronios huyohuyo ulinunuliwa na jumba la makumbusho la Metropolitan la New York mwaka 1972 kwa takriban dola milioni moja, kisha ukarudishwa Italia mwaka 2008 kwa sababu ulikuwa umeibwa kaburini. Sisi tuliobaki Athens tunajilia vigae. Wahenga walishasema mfinyanzi hulia gaeni.

Saa sita mchana

Kupanga. Midomo huku, vitako huku, mikono kule, matumbo kwenye rundo kubwa. Kuhesabu, kupima uzito, kuandika. Kazi inayolaza usingizi mpaka kidole kikwame kwenye kitu.

Leo kimekwama kwenye tundu. Kipande cha bakuli, tundu dogo limetobolewa baada ya kuchomwa, na ndani yake limebaki tone la risasi. Bakuli lilipasuka, mtu akalitoboa pande zote mbili za ufa na kulibana kwa risasi. Nimekaa nalo mkononi muda mrefu kuliko inavyoruhusiwa. Kwetu kibuyu kikipasuka kinashonwa, na aliyekishona hakitupi tena maisha yake yote. Tunaambiwa vyombo hivi havikuwa ghali sana, hata vilivyochorwa. Bei zilizokwaruzwa chini ya vitako zinaonyesha hivyo. Lakini mwenye bakuli hili hakutaka lingine.

Kigae chenyewe nacho kilikuwa na kazi. Mji usio na karatasi za bei rahisi uliandika juu ya takataka. Kila mwaka Waathene waliweza kuamua kupiga kura ya kumfukuza mtu mmoja: unaokota kigae, unakwaruza jina, unakitumbukiza. Kura zikifika 6000, mwenye jina lililotajwa zaidi anaondoka mjini kwa miaka kumi. Mwaka 1937, kwenye kisima kaskazini mwa Akropoli, kilima cha mahekalu, vilipatikana vigae karibu 190 vyenye jina moja, la mwanasiasa Themistokles, vingi vikiwa vitako vya vikombe. Wataalamu walipolinganisha miandiko waliona mikono 14 tu. Watu kumi na wanne walikaa kitako, wakaandika kura za watu wengine, tayari kuzigawa. Anayeniambia kwamba demokrasia ya kale haikuwa na kampeni chafu namwonyesha hizo.

Saa tisa

Tunafunga, napita Kerameikos, mtaa wa wafinyanzi na makaburi, ambapo kijito cha Eridanos bado kinapita na kobe wanatambaa majanini. Kwenye makaburi kama haya waliweka chupa ndefu nyeupe za mafuta ya marehemu. Baadhi ukizipiga picha za eksirei unakuta kikopo kidogo shingoni: chupa inaonekana imejaa, kumbe mafuta ni ya vijiko vichache. Majirani wanaona umemheshimu baba yako, na mafuta yanabaki nyumbani. Nilipomsimulia Bibi hilo alisema hao ni ndugu zetu kabisa.

Nalala kidogo, nafua, napika wali.

Saa mbili usiku

Majira ya joto saa za huku na za nyumbani ni zilezile, kwa hiyo napiga Bibi akiwa ametoka kula.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mume wangu. Umeosha?"

"Nimeosha."

Kuna wakati nilimwambia kwamba Athens ufinyanzi ulikuwa hasa kazi ya wanaume, alicheka mpaka akakohoa, kwa sababu kwetu mwanamume haugusi udongo. Nikamwambia upo mtungi mmoja wenye picha ya karakana: mungu wa kike Athena anamvika mchoraji taji, na pembeni kabisa ameketi mwanamke naye akipamba chombo, hakuna anayemwangalia wala taji halimwendei. Hapo hakucheka.

Leo nimemtumia picha ya kile kikombe chenye duara jekundu. Binamu yangu akamshikia simu karibu na macho. Namsikia akipumua.

"Hiki kilibebeshwa mwenzake," akasema.

"Vipi, Bibi?"

"Motoni. Walipanga kimoja juu ya kimoja. Cha juu kilikalia katikati ya hiki, moshi haukuingia vizuri pale. Hata mimi vyangu vikigusana vinatoka na madoa. Huyo alikuwa na haraka, au tanuri lilikuwa dogo." Akanyamaza. "Au alikuwa na oda nyingi. Mwambie huyo mama yako."

"Nitamwambia."

"Na umwambie sikulipwa. Haya, umekula nini?"