Corinth, mji uliozaliwa na reli mbili

Mimi ni mtoto wa Tabora. Nimekulia karibu na stesheni ambako njia ya Kigoma na njia ya Mwanza zinaachana, kwa hiyo nikisikia mji umezaliwa na reli, lazima nifike. Ndivyo nilivyotoka Memphis asubuhi moja, takriban saa mbili kwa gari, hadi Corinth, kaskazini mwa jimbo la Mississippi, Marekani.

Mji ulianza mwaka 1853 ukiitwa Cross City, kwa sababu ya reli mbili zilizokuwa zikija kukutana hapo: moja kutoka Mobile, kule Ghuba ya Meksiko, nyingine kutoka Memphis kwenda mashariki. Na hazipishani kwa daraja. Zinakatana chuma kwa chuma, mbele ya stesheni ya zamani ambayo leo ni makumbusho. Treni ya mizigo ilipita nikiwa nimesimama pale, na kila behewa lilipofika kwenye makutano magurudumu yaligonga, ko-ko, ko-ko, mpaka nikausikia mtikisiko kwenye nyayo.

Makutano hayo ndiyo yaliyoleta hapa vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, Kaskazini dhidi ya majimbo ya Kusini yaliyotaka kubaki na utumwa. Aprili 1862, jeshi la Kaskazini lilipokuwa likija kuyakamata, majeshi mawili yalipambana Shiloh, kama kilomita 35 kutoka hapa, na kwa siku mbili zaidi ya watu 23,000 waliuawa, walijeruhiwa, walitekwa au walipotea. Kisha mji ukazingirwa. Jenerali Beauregard wa Kusini, alipoona hawezi kuushikilia, aliamuru treni tupu ziingie usiku huku askari wake wakishangilia, ili adui adhani msaada umefika. Kulipokucha tarehe 30 Mei, Corinth ilikuwa tupu. Oktoba askari wa Kusini walirudi kuutaka tena mji wao, wakashindwa. Pale walipokufa wengi, kwenye ngome ya mizinga iitwayo Battery Robinett, sasa pana kituo cha historia.

Mchana niliingia Borroum's, duka la dawa lililofunguliwa mwaka 1865, ambalo bado linauza dawa upande mmoja na chakula upande mwingine. Nikaagiza slugburger. Ni chakula cha miaka ya dhiki: nyama ya kusaga ikiongezwa unga ili itoshe wengi, ikakaangwa kwenye mafuta mengi, ikatiwa ndani ya mkate na haradali, vitunguu na matango ya siki. Iliuzwa senti 5, na inasemekana sarafu hiyo mtaani iliitwa slug. Ukiuma, nje inavunjika kama bagia, ndani laini. Nilikula viwili.

Lakini kilichonishika moyo kiko pembeni ya mji, na naona mgeni angepaswa kuanzia huko kabla ya mizinga. Kaskazini walipouchukua mji, watumwa walitoroka mashambani wakawafuata. Jenerali Grenville Dodge akawaanzishia kambi mwishoni mwa 1862, ikafikia watu kama 6,000. Walijijengea nyumba, kanisa, shule na hospitali, wakalima pamba na mboga, na kambi ikawa inaleta faida. Wanaume karibu 2,000 walijiunga na jeshi kupigania uhuru wao.

Leo nyumba hazipo. Kuna nyasi, njia ya kutembea, na sanamu za shaba zenye kimo cha mtu. Nilikaa muda mrefu mbele ya ile ya mtoto anayefundishwa kusoma. Watu hawa walikuwa wamekatazwa kitabu, na humo kambini mamia kwa mamia walijifunza kusoma ndani ya mwaka mmoja tu. Ukurasa wa shaba ulikuwa wa moto kwa jua nilipougusa.

Desemba 1863 jeshi likawahamishia Memphis, wakaacha kila walichokijenga. Jioni nilishika njia hiyo hiyo ya kuelekea Memphis, redio nikiwa nimeizima.