Kahawa ya shilingi kumi imenitia maneno kijiweni

Nafanya kazi duka la leso hapa Biashara Street, Mombasa mjini, na kazi hii kama huijui ni kukunjua na kukunja kutwa nzima, mteja anakwambia nitolee ile, sio hio, ile ya chini yake, haya jina lake yasemaje, unamsomea, anacheka na mwenzake, wanaondoka bila kununua. Ikifika saa kumi na moja na kitu mgongo ushakufa. Kwa hivo tukishateremsha mlango mimi moja kwa moja kwa kahawa tungu, sio mbali, ukitoka huku ukielekea Marikiti kuna pembe ina baraza refu la duka lililofungwa siku nyingi, hapo ndo maskani yetu miaka sasa.

Muuza kahawa wetu ni ami mmoja mtu mzima, ana dele lake la shaba na makaa chini, ndoo ndogo ya maji, na vikombe kama kumi na mbili hivi, vile vidogo visivyo na mkono. Ukimaliza unarudisha, anakichovya kwenye ndoo, anakikung'uta, anammiminia wa pili. Na hio ndoo wallahi tangu alasiri maji ni yale yale, kufika magharibi yashakuwa rangi ya kahawa yenyewe. Hakuna aliyewahi kulalamika. Mimi pia sijawahi. Kahawa shilingi kumi, kashata mbali.

Sasa kwenye baraza hilo hilo kuna mzee hulala, mwisho kule karibu na mlango wa chuma. Ana maboksi yake, asubuhi huyakunja vizuri kunishinda mimi na leso zangu, ana gunia na mfuko wa vitu vyake. Hasumbui mtu. Wala haombi, na nadhani hilo ndo linalowakera watu zaidi, manake mwombaji unajua umfanyeje. Ijumaa wale wa kuomba hupita duka kwa duka, na bosi wangu asubuhi ashavunja noti, ana sarafu za tano tano kwenye kisahani juu ya kaunta, kila anayepita anatiliwa moja, dua mbili tatu, aenda zake. Huyu mzee sijawahi kumuona kwenye msafara huo hata siku moja.

Juma lililopita Jumanne ikapiga mvua ya ghafla, tukajibana sote barazani, ikabidi yeye ajivute atupishe. Yaani ndo kwake pale, na anatupisha sisi. Nikaona haya. Nikamwambia shikamoo mzee, hutonywa kahawa? Akaitika marahaba, akanitizama kwanza, kama anataka kujua ni masihara au vipi, kisha akasema nitakunywa mwanangu. Nikamuashiria ami, ami akamimina, nikampa mzee kikombe mkononi na nikasogea akae. Basi. Huo ndo wema wangu wote, shilingi kumi na nafasi ya tako moja.

Alikishika kwa vidole viwili pale kwenye mdomo wa kikombe, vile wanavyoshika watu waliokunywa kahawa maisha yao yote, akapuliza, akanywa kwa mafundo matatu, machicha ya chini akayamwaga nje kwenye mtaro mbali na viatu vya watu, akamrudishia ami kwa mkono wa kulia. Akasema ahsanta, akarudi kwenye maboksi yake.

Ami akakichovya, akakikung'uta, akamimina. Zamu ilikuwa ya mshikaji wetu wa tuktuk. Akakitizama kile kikombe kama kina mdudu.

"Ami, nipe chengine."

Mvua ilipokatika tukahamia upande wa pili wa barabara, na hapo ndo yakaanza. Yakhe umefanya nini sasa, yule usiku anakohoa, ana TB yule, wataka tufe sote. Mwengine akasema shida sio TB, shida wamzoesha, leo mmoja kesho wataletana kumi hapa, kijiwe kitakuwa cha mateja. Mzee wa watu hata teja sio, lakini ukishalala nje Mombasa hii jina ni hilo tu. Mwengine tena, huyu huwa hasemi sana, akasema kwanza sheria hairuhusu mtu kulala barazani, ukikutwa na mzururaji nawe wachukuliwa. Hapo mwalimu mmoja mstaafu akaingilia akasema sheria ya uzururaji ilifutwa 1997, siku hizi kanjo wakitaka kumtoa mtu hutumia sheria ndogo za kaunti, halafu akaendelea na Katiba ya 2010, kifungu cha 43, kila mtu ana haki ya makao na haki ya kutokuwa na njaa. Nikadhani nimepata wakili. Kumbe anamalizia, "lakini kikombe ni kikombe, kijana."

Na mmoja, huyu nlitegemea atanyamaza manake twajuana tangu madrasa, akacheka akasema siku hizi umekuwa walii. Hio ndo nliondoka nayo nyumbani.

Usiku nikampigia dadangu, yeye ni nesi, nikamuuliza habari ya TB. Alinicheka. Akanambia TB haipiti kwa kikombe wala sahani, yapita kwa hewa, mtu mwenye nayo akikohoa we ukavuta, na kama mwahofia kweli si mumpeleke akapimwe, dawa ni bure hospitali za serikali, kawaida ni miezi sita, kwani yuwalala hapo miaka mingapi nyinyi mko karibu naye mwavuta hewa moja? Kisha akauliza hivo vikombe vyaoshwaje. Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, akasema hio ndoo yenu ndo ya kuogopa, mtaharisha nyote siku moja mumsingizie mzee.

Sasa msije mkadhani nakaa na watu wabaya. Huyu wa tuktuk, Mei 2020 Mji wa Kale ulipofungwa kwa ajili ya korona, hakuna kuingia hakuna kutoka, yeye yuko ndani na ndiye aliyekuwa akizunguka vichochoro vya Kibokoni na unga na mchele wa watu, mlango kwa mlango, na wala hakutaka kupigwa picha. Mkono wake mwepesi kuliko wangu mara mia. Na nna hakika ningemrushia mzee noti ya hamsini pale alipolala, wangesema Mungu akuzidishie na stori ingeishia hapo. Kilichowaudhi ni kwamba alikaa. Kumpa wanajua, Ijumaa wanampa mtu na hata uso wake hawauangalii, lakini kukaa naye kimo kimoja na kikombe kikapita kwake kisha kikaja kwao, hapo mtu anahisi ameibiwa kitu. Na ni watu hawa hawa tunasimama swafu moja, bega kwa bega na mtu usiyemjua, na kopo la kutawadhia hujui nani alilishika kabla yako.

(Leso inayouzika sana dukani kwetu moja imeandikwa Wema hauozi. Kina mama wanapelekeana zawadi. Nafikiria nibakishe doti moja nimpelekee mwalimu.)

Alhamisi nikarudi. Nlikuwa nimesusa Jumatano, ukweli nlisusa, nikanywa chai ya maziwa dukani kama mgonjwa. Ami akanimiminia, tukaongea habari za mvua, na mzee alikuwepo kule mwisho nikamsalimia, nikamuashiria ami amtilie. Ami hakunitizama. Akainama akatoa kikombe kimoja kilichokuwa kimewekwa kando, chini ya benchi, na kwenye kitako chake kimepakwa tone la rangi ya kucha. Nyekundu. Sijui ya nani, ya mkewe labda. Akanambia kwa sauti ya chini, "Nifanyeje mwanangu, wateja ni hao."

Na hapa ndo pa kuniaibisha, manake ningeweza kuwaficha. Zamu yangu ya pili ilipofika, kabla sijanywa, nikajikuta nakiinua kikombe changu juu nachungulia chini yake. Mimi. Niliyempa kwanza. Mkono ulienda wenyewe, na nlipoinua macho mzee alikuwa ananiangalia, na kikombe chake anacho mkononi, naye akakipindua kidogo akaona.

Hakusema kitu. Akamaliza, akamwaga machicha mtaroni, akarudisha.

Jana Jumamosi nimefika mapema, watu bado wachache, wa tuktuk yuko, mwalimu yuko. Mzee akainuka mwenyewe kutoka kwenye maboksi, mara ya kwanza kumuona anakuja bila kuitwa, na mkononi ana kopo la Blue Band limesuguliwa mpaka linang'aa, sijui mchanga sijui jivu. Akamnyooshea ami. Hakuna aliyeongea. Ami akamimina kipimo cha kikombe, akachungulia ndani, kahawa hata kitako cha kopo haikukifunika sawasawa, akaongeza, akaongeza tena.

Mzee akaketi pale pale kwenye benchi, mimi nikasogea, wa tuktuk naye akasogea kidogo, sijui ni kwa kupisha au kwa kuhama.

"Hio ni vikombe viwili," ami akanambia.

Nikatoa ishirini.