Kabla ya kusaini kazi ya Masaki

Mwaka 2014 nilikuwa dada wa kazi Sinza, Dar es Salaam, kwa familia ya watu wa Iringa kama mimi. Nililala chumba kimoja na watoto, nikala nao, na wageni wakija walitambulishwa kwamba mimi ni mdogo wao. Mshahara ulitumwa kwa mama kijijini kwa simu. Ukichelewa huulizi, maana utaanzaje kumdai dada yako? Mtoto wao mdogo, Junior, alikuwa hali bila mimi, na hilo ndilo lililokuwa likinifunga miguu kila nilipofikiria kuondoka.

Habari ya kazi ya Masaki niliipata kanisani, kwa baba mmoja mpishi aliyezeekea kwenye majiko ya mabalozi. Familia ya mwanadiplomasia ilitafuta yaya wa mtoto wa miezi minane. "Nenda ukasikilize, binti," aliniambia. "Uchukue na barua ya serikali ya mtaa."

Getini mlinzi aliandika jina langu kwenye daftari. Madam alinikaribisha kiti, jambo ambalo sikulitegemea, akanisomea masharti kwa Kiswahili cha kujifunza. Sare ya bluu. Simu ibaki chumbani kwangu, uani. Vipimo vya afya kabla ya kuanza. Ratiba ilibandikwa kwenye friji: maziwa saa 1 asubuhi, usingizi saa 3 na saa 7, kuoga saa 11 jioni. Mtoto habusiwi, habebwi mgongoni, na akilia wakati wa kulala anaachwa kwanza anyamaze mwenyewe.

Tukiwa hapohapo mtoto akaanza kulia ghorofani. Mimi nilishanyanyuka. Yeye alitazama saa ya ukutani, akabaki amekaa, huku vidole vyake vikikunja na kukunjua kona ya karatasi ya mkataba mpaka ikachanika. Nikajua hata yeye ile kanuni inamuumiza.

Nilirudi Sinza na nakala ya mkataba kwenye pochi. Jumapili yule baba akanipitisha kifungu kwa kifungu. Yeye alikuwa mwanachama wa CHODAWU, chama cha wafanyakazi wa hoteli na majumbani, na sheria alizijua. Saa 45 kwa wiki. Likizo siku 28 kwa mwaka, yenye malipo. Michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Mshahara 220,000. Kisha akanieleza amri ya mishahara iliyoanza Julai 2013: mfanyakazi wa ndani kwa mwanadiplomasia au mfanyabiashara mkubwa asilipwe chini ya 150,000, kwa ofisa mwenye stahili serikalini, 130,000, asiyelala kwa mwajiri, 80,000, sisi wengine, 40,000.

Arobaini elfu ndiyo niliyokuwa nalipwa. Kumbe kwa kiwango cha mshahara sikudhulumiwa kisheria! Hilo liliniuma kuliko ningesikia nimeibiwa, na linaniuma mpaka leo. Aliyepanga kiwango kile alihesabu kitanda na ugali kama mshahara, akasahau kwamba anayelala kwa mwajiri ndiye anayeamshwa saa 8 usiku mtoto akipata homa, na saa 11 alfajiri anatakiwa awe ameshawasha jiko.

Nilimpigia mama. Hakuuliza habari ya pesa. "Mwanangu, huko kwa wazungu utakula na nani?"

Swali hilo lilinikosesha usingizi. Nilianza kujiangalia ninavyokula pale Sinza: Junior mapajani, tonge moja langu, matatu yake, nikiitwa kuleta maji, nikirudi wali umepoa na wenzangu wameshanawa. Tulikula pamoja, ndiyo. Ila sikumbuki mlo niliomaliza nikiwa nimekaa.

Nikarudi Masaki nikamwambia madam kazi naitaka, lakini mtoto akilia mikononi mwangu nitamchukua. Alikaa kimya muda mrefu. Akasema usiku ni wao wazazi na utaratibu wao, mchana nitumie akili yangu, mgongoni hapana. Nilikuwa na kanga yangu begani na nilisikitika kwa hilo, nikalikubali. Akaongeza maneno hayo kwa kalamu pembeni ya kifungu, tukasaini wote wawili.

Kazi ngumu ilikuwa kumwambia Mama Junior. Aliacha kuchambua mchicha, akaniangalia. "Tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea, dada. Nataka kazi yenye Jumapili."

"Jumapili ya nini, na kanisani tunakwenda wote?"

Aliuliza kwa moyo mweupe kabisa. Nikakaa nikamsaidia mchicha, nikamweleza taratibu kwamba hata huko kanisani Junior huwa namshika mimi, tangu wimbo wa kwanza hadi sadaka. Akanyamaza. Mwisho akaniomba nisiondoke kabla hajapata msichana mwingine, nikakubali, na alipopatikana, binti wa Mufindi, nilimwonyesha namna Junior anavyopenda uji wake, kisha nikamshauri aanze na swali la siku ya mapumziko kabla hajafungua begi.