Namba ya Kiatu Huonekana kwenye Mteremko

Niliingia Memorial, soko la mitumba la Moshi, kutafuta buti za mlimani, na nilichagua saa kumi jioni kwa makusudi. Mguu uliozunguka mchana kutwa huvimba kidogo, na mguu wa namna hiyo ndio utakaopanda Kilimanjaro. Mkobani nilibeba soksi nene za sufu za huko juu, maana buti haijaribiwi kwa soksi nyembamba za ofisini.

"Dada, unavaa namba ngapi?" muuzaji akauliza.

Nikamwambia 40, ila aniletee pia 41 na 42. Kwa vipimo vya Ulaya, namba moja hadi nyingine hupishana chini kidogo ya milimita 7, na viwanda vyenyewe havilingani: niliona 41 fupi kuliko 40. Kwa hiyo sikuhangaika na lebo. Nilitoa soli ya ndani, nikaiweka chini na kuikanyaga, nikaona wazi vidole vimebakiza nafasi gani mbele.

Nilianza na mguu wa kushoto, ulio mrefu zaidi. Kabla ya kufunga kamba nilisukuma vidole hadi mwisho wa kiatu, na kidole cha shahada kikapita nyuma ya kisigino. Hapo sawa. Nikarudisha kisigino, nikafunga, nikapanda na kushuka ngazi za duka la jirani mara kadhaa. Jozi iliyokuwa mpya kuliko zote ilinibana kwenye kidole cha mwisho, nikaiacha. Ngozi hulegea kidogo kwa upana, urefu hauongezeki. Nikalipia 42.

Kutoka lango la Marangu njia inapita msituni hadi Mandara, kisha Horombo, kisha Kibo, kila kituo kama mita 1,000 juu ya kilichotangulia. Wakati wa kupanda hakuna aliyelalamikia kiatu. Horombo, mita 3,720, baridi ikaanza kuuma, na kijana mmoja wa kundi letu, aliyetoka Dar na buti za namba yake ya kila siku, akavaa soksi jozi mbili. Usiku akasema vidole vimekufa ganzi.

"Vua jozi moja, mwanangu," mzee aliyetuongoza akamwambia. "Mguu ukibanwa damu haifiki vidoleni, na bila damu hakuna joto."

Akavua, na kweli vikapata uhai.

Tuliondoka Kibo usiku wa manane, tukakwea changarawe hadi Gilman's Point, kwenye ukingo wa kreta, na jua lilitukuta njiani kuelekea kilele cha Uhuru, mita 5,895. Nililia kwa furaha.

Kabla ya kushuka, mzee alitusimamisha tukaze upya kamba pale kiatu kinapopinda kifundoni, ili kisigino kikae mahali pake na mguu usiteleze mbele. Mimi vidole vyangu havikugusa ncha ya kiatu hadi chini. Kijana wa Dar alikaza pia, lakini mbele hakuwa na nafasi. Kila hatua ilikuwa pigo kwenye kucha. Tulipofika Horombo kucha za vidole gumba zilikuwa nyeusi, na kesho yake akawa anashuka upande upande.

Mandara akashindwa kabisa. Mpagazi mmoja akamwazima raba zake, namba 44, akazikaza kwa kamba na kumaliza nazo msitu hadi langoni.